Jozi Yako Itataga, Usiivunje

Dume wa bluu yupo, jike wa kijani yupo, miezi inakatika na yai hulioni. Umeshaanza kusema hawa hawazai, labda uwauze. Usithubutu! Mjusi wa bluu wa Kimboza ni mzazi hodari. Apate joto, mwanga, kalisi na pa kujificha, atataga mayai mawili mawili, na wiki chache baadaye atarudia. Ukiona kimya, kasoro itafute kwenye tangi.

Na itafute kwa bidii, maana ulichonacho ni amana. Kwao mjusi huyu ni Morogoro, chini ya Uluguru, katika msitu wa Kimboza wa kilomita za mraba 4 hivi na vipande vichache vya msitu vilivyo jirani. Basi. Huko anaishi juu ya mkadi, jamaa ya ule ambao maua yake pwani husukwa pamoja na asumini. Kati ya 2004 na 2009 inakadiriwa walitolewa zaidi ya 30,000 kwenda kuuzwa ng'ambo, na wakamataji waliangusha mikadi ili wawafikie walioko juu. Walimkamata, na nyumba yake wakaikata! Mwaka 2012 akaorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umefunga biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Kwa hiyo wewe uliyeko Ulaya na jozi yenye karatasi halali, kila kitoto kitakachoanguliwa kwako kinamwondolea mnunuzi mmoja kisingizio cha kutafuta wa magendo. (Uliyeko Morogoro bila kibali, habari yako ni nyingine: mwache mkadini kwake.)

Kwanza, una hakika hiyo ni jozi? Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Dume aliyeonewa na mwenzake huficha bluu yake, akavaa ukijani wa kike, nawe ukampa jina la bibi harusi. Msubiri apande kwenye kioo, umtazame kwa chini. Mbele kidogo ya tundu la haja, dume ana mstari wa vitone uliopinda, na shina la mkia limetuna. Jike ni laini hapo. Ukikuta madume wawili, watenganishe leo leo, kwa sababu yule mnyonge atajificha asile mpaka afe.

Ukiwa na jozi ya kweli, wajengee Kimboza. Tangi liwe refu kwenda juu, maana hawa ni wa mtini. Simamisha mianzi yenye matundu. Jike anataka mwanya mwembamba kama ule ulioko kati ya majani ya mkadi na shina. Mchana joto lizunguke nyuzi 25 hadi 28, pawe na sehemu moja ya kuota taa inayofika 30 na kidogo, usiku lishuke. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, wao hulamba matone. Taa ya miale ya urujuanimno usiisahau, na uibadilishe kwa wakati: inachoka ingali inawaka, macho yako hayatakuambia.

Halafu kalisi. Jike asiye na kalisi hana cha kutengenezea ganda. Wapake unga wake nyenje wadogo na nzi wa matunda kabla ya kuwatia ndani. Jike aliyeshiba kalisi utamjua: pande mbili za shingo zinatuna vifuko vyeupe. Hiyo ndiyo akiba ya mayai, furahi ukiiona! Siku dume atakapotanua koo, akajibana ubavu na kutikisa kichwa mbele yake, ondoka hapo. Acha kuwashikashika.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi inama na tochi yako uchungulie ndani ya mianzi. Mayai ni madogo, meupe, na yamegandishwa. Usiyabandue kamwe, ganda litapasuka mkononi. Yakiwa kwenye mwanzi, toa mwanzi mzima. Yakiwa kwenye kioo, yafunike hapo hapo kwa kikombe kidogo chenye matundu ya hewa. Subiri miezi miwili, pengine mitatu, kwa kadiri ya joto. Mayai ya kwanza yakiharibika, hilo huwatokea sana majike wachanga, endelea kulisha.

Vitoto vikitoka, vitenge na wakubwa, uvipe nzi wadogo kuliko vichwa vyao, na uandike tarehe na wazazi wa kila kimoja. Usije ukaoza ndugu kwa ndugu. Tena anza kumtafuta sasa hivi mfugaji mwenye karatasi safi wa kubadilishana naye madume, kabla yai la kwanza halijaonekana.