Nje ya Ukuta wa Gede

Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi, mgeni mmoja alimpiga picha nyanya yangu karibu na Bura, ng'ambo ya mto kutoka Garissa. Aliomba ruhusa vizuri. Nyanya akakubali, akaenda akavaa mtandio wake wa sikukuu. Picha ilipotufikia mwaka uliofuata, ilikuwa kwenye kalenda: mwanamke mzee, ardhi iliyopasuka, mzoga wa ng'ombe kwa mbali. Nyanya aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mbona nyumba yangu haionekani? Si nilisimama mlangoni?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilicheka tu, nikasahau. Swali lenyewe lilinirudia Gede.

Nilitoka Garissa alfajiri kwa basi la Malindi, tukapita Hola na Garsen, kisha nikachukua matatu hadi Gede. Tangu UNESCO iuingize mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, picha zake zilikuwa zikinipitia kwenye simu kila mara, na mimi nilitaka zangu. Gede ni mji wa mawe wa Waswahili uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ukuta wa nje unazunguka ekari 45 hivi. Ndani yake kuna ukuta wa pili, na humo ndimo mlimo na msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za matajiri. Miti imeota juu ya kuta, mizizi imeyakumbatia mawe. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Yaani ukielekeza simu popote, picha inatoka.

Nilikaa humo asubuhi nzima. Nilisubiri watoto wa shule wapite ndipo nipige. Nilisogea hatua mbili ili kibao kisitokee, nikainama ili pipa la taka lifichwe na nguzo. Nilitaka mji uonekane kama hakuna aliyeugusa kwa miaka 400.

Kiongozi wa wageni alinionyesha nyumba moja baada ya nyingine: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Uchimbaji ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Majina ya wenyewe hayajulikani. Nikamuuliza waliondoka kwa nini.

"Wengine wanasema visima vilipungukiwa maji," akasema. "Wengine wanawataja Wazimba, waliopita pwani hii mwaka 1589. Halafu, dada, Wagala wakashuka kutoka kaskazini. Hao ndio waliomaliza kazi."

Wagala ni jina la zamani ambalo Waoromo hawalitaki. Waorma wa Tana ni Waoromo, na nyanya yangu ni Morma.

"Hao unaowasema ni watu wa mama yangu," nikamwambia.

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akasema, "Basi karibu tena. Safari hii angalau umelipa tiketi."

Tulicheka wote wawili, na kicheko kile kilitusaidia. Lakini baadaye, nikiwa nimeketi kwenye kivuli cha mbuyu, nilipitia picha zangu nikaona jambo. Zote nilizipiga nikiwa ndani, kama mkaazi wa jumba anayetazama mali yake. Ukuta ule, kama kiongozi alisema kweli, ulijengwa kuwazuia watu kama mimi.

Na si sisi tu. Kati ya kuta mbili waliishi watu wengi wa kawaida, katika nyumba za udongo ambazo leo huzioni. Nje kabisa walipita wafugaji, ambao nyumba yao ni fito na mikeka; malisho yakiisha, mwanamke anaifungua na kuhama nayo. Jiwe limebaki, basi historia tunayoipiga picha ni ya waliokuwa na jiwe. Hilo haliwafanyi kuwa watu bora wala wabaya. Ila inasemekana hata jina Gede ni neno la Kioromo, maana yake kitu cha thamani, na kwamba mji huenda uliitwa Kilimani hapo awali. Kama ni hivyo, mji unaitwa kwa lugha ya waliokuwa nje ya lango.

Utaniambia: wewe nawe, picha ni picha, na kila picha lazima ikate kitu. Kweli. Simu yangu haiwezi kubeba Gede nzima. Na yule mgeni wa kalenda hakusema uongo, ng'ombe alikuwa amekufa kweli. Lakini alipoikata nyumba, mwanamke mwenye mlango wake akawa mwanamke mwenye ukame tu, na kila aliyeitazama kalenda aliamini ameona yote. Kosa naliona hapo: kukata, halafu kuficha kwamba umekata. Mimi niliwaondoa watoto wa shule kwenye mji ambao ni wao kuliko ulivyo wangu, ili upendeze kwa kukosa watu. Anayeniudhi kwenye kalenda na mimi tulifanya kazi moja. Tofauti ni kwamba wafu wa Gede hawana wa kuuliza mlango wao uko wapi.

Niliporudi, nilimpa nyanya simu. Matao na mizizi aliyapita haraka. Kwenye kisima alisimama, akauliza kina kwenda chini kiasi gani, na kama maji yake yalikuwa matamu. Halafu akafika kwenye picha ya mwisho, niliyoipiga kwa ruhusa wakati wa kuagana: kiongozi ameegemea ukuta kwa upande wa nje, anakunywa maji, pipa la taka liko nyuma yake.

"Huyu ndiye mwenyeji wako?"

"Ndiye."

"Sasa mbona umemweka mwisho?"