Kumbukumbu Si Ghala

Matatu ikitoka Thika kwenda Nairobi, kondakta huanza kukusanya nauli mapema. Mmoja katoa noti ya 1,000, wawili wamelipiwa pamoja, mama wa kiti cha nyuma anashuka Ruiru. Noti kazikunja kwa urefu na kuzibana vidoleni, chenji itafuata. Haandiki popote. Basi hayo anayoyajua yamekaa wapi?

Mwaka 1968, wanasaikolojia Richard Atkinson na Richard Shiffrin walijibu kwa maghala matatu. La kwanza hupokea kinachoonwa na kusikika, kisha hukipoteza papo hapo. La pili, la muda mfupi, hubeba machache. George Miller alikadiria mwaka 1956 kuwa ni mafungu saba hivi, na fungu moja laweza kuwa na mengi ndani yake. Anayehesabu abiria kwa safu za viti hubeba wengi kuliko anayewahesabu mmoja mmoja. La tatu, la muda mrefu, huhifadhi yaliyotia mizizi.

Mchoro huo haukubaki ulivyo. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walionyesha kwamba ghala la pili ni karakana: kondakta anashika nauli kichwani huku akitoa na kujumlisha. La tatu nalo likagawanyika. Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953, hakuweza tena kukumbuka matukio mapya, ila mkono wake ulizidi kuwa hodari wa kuchora kwa kutazama kioo, na kila siku alijiona mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1972 Endel Tulving akatenga kujua jambo na kukumbuka tukio. Kijana wa Ruiru anajua kuwa mtaa wake ulikuwa shamba la kahawa. Nyanya yake anakumbuka asubuhi alipoichuma.

Je, anachokumbuka nyanya kimelala mahali kikisubiri kuchukuliwa? Mwandishi Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika mwaka 1959, akisimulia utoto wake wa zaidi ya miaka 40 nyuma. Humo watu wazima wanazungumza kirefu, kana kwamba mtoto yule alikuwa akinukuu. Si lazima tumwite mwongo. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett alikwisha kueleza mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, na anayejenga ni mtu wa leo, kwa anayoyajua leo.

Hapo ndipo hoja ya maghala inapogusa maadili. Kama kumbukumbu hujengwa, uhakika wa moyoni hautoshi kuwa ushahidi. Abiria anaapa alitoa 500, kondakta anaapa ilikuwa 200, na huenda wote wawili wanasema kweli ya mioyo yao. Itaje noti yako unapoitoa, hesabu chenji mbele ya aliyekupa, na usimwite mtu mwizi kwa kumbukumbu tupu.