Redio ya gari na haki za waja

 

Katika darasa la Fiqhi la jioni kijana mmoja aliuliza swali. Amenunua Toyota Corolla iliyotumika kutoka Japani. Redio aliyoikuta kwenye dashibodi haishiki stesheni nyingi za hapa, kwa sababu redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwa miaka mingi zilifanywa zipokee FM kuanzia masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka 108. Fundi akamshauri aing'oe aweke nyingine, na kwa kuwa nyaya zitakuwa zimeshafunguliwa, aongeze kabisa na amplifaya, na sabufa kwenye buti. “Ustadhi, hii inajuzu?”

Wenzake walicheka kwa kuwa walijua nitaanza na muziki. Sikuanza huko, na hapa pia sitaanza huko. Hukumu ya muziki imeandikwa sana na wanazuoni, na mwenye kuitafuta ataipata. Redio yenyewe ni chombo, na asili ya vitu ni kuwa halali mpaka ije dalili ya kukataza. Humo humo hupita Qur'an, mawaidha, taarifa ya habari na taarifa ya foleni. Swali nililomrudishia ni jingine: ndani ya redio hiyo mna haki za nani?

Ndugu zangu Waislamu, tunajua kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake husamehewa kwa toba ya kweli. Dhambi iliyo baina ya mja na mja mwenzake ina sharti la ziada, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kumuomba radhi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza Maswahaba wanamwita nani muflisi. Wakajibu kuwa ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawabainishia kuwa muflisi wa umati wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, huku amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya mwingine. Wote hao watalipwa kutoka katika mema yake, na yakimalizika kabla ya madeni, atabebeshwa madhambi yao. Mtu huyo alikuwa akiswali. Hilo ndilo la kutisha katika hadithi hii.

Sasa tuiangalie redio. Mwenye haki wa kwanza anaweza kuwa mtu aliyeibiwa. Kila anayeegesha gari mjini anaijua habari ya kurudi na kukuta kioo kimevunjwa na dashibodi imebaki tundu. Ndiyo maana watengenezaji walibuni redio ambazo uso wake unachomolewa ukaondoka nao, na nyingine zinazodai namba ya siri zikishatenganishwa na betri. Mwizi haibi redio ili asikilize. Anaiba kwa sababu kuna mnunuzi, na mnunuzi huyo mara nyingine yuko safu ya mbele msikitini.

Sisemi kila muuza vifaa vya mtumba ni mwizi. Wengi wao wanakula jasho lao, na bidhaa zao zina asili inayojulikana. Lakini dalili zipo, na mtu mzima anaziona. Nyaya zimekatwa kwa kisu badala ya kuchomolewa kwenye plagi yake. Namba ya nyuma imekwanguliwa. Redio inadai namba ya siri na muuzaji haijui. Bei ni robo ya bei ya dukani, na risiti hakuna. Mwenye kununua baada ya kuyaona hayo asiseme hakujua. Allah (S.W.) katika Surat al-Maidah, aya ya 2, ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na pesa ya mnunuzi ndiyo msaada mkubwa kuliko wote anaoupata mwizi.

Aliyekwisha kuinunua na akayakinisha kuwa ni ya wizi, wajibu wake ni kuirudisha kwa mwenyewe. Asipompata baada ya kumtafuta kweli, wanazuoni wengi wamesema atoe sadaka thamani yake kwa niaba ya mwenye mali, na siku akijitokeza ampe hiari ya kuikubali sadaka ile au kulipwa chake. Ni njia nzito, lakini ni njia.

Haki ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu haina njia kama hiyo. Nayo ni haki ya masikio na usingizi wa watu.

Mlio mwembamba huzuiwa na ukuta na kioo. Mlio wa besi haujali ukuta, unapita na kutikisa mabati na vyombo kabatini. Kijana anapopita uchochoroni usiku wa manane na sabufa yake inadunda, nyumba ngapi zimeamka? Kuna mtoto mchanga aliyekuwa ndiyo kwanza amelala. Kuna mgonjwa wa presha. Kuna mama aliyeamka kuswali tahajudi, sasa hasikii hata kisomo chake. Gari limeshapita. Kesho kijana akitaka kutubia, atagonga mlango wa nani? Hajui hata waliokuwamo. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, ameapa mara tatu kuwa haamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake.

Na ndani ya gari je? Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wameweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 mwisho wake ni dakika 15. Safari ya daladala kutoka Gongo la Mboto hadi mjini ina dakika 15? Konda na dereva wamo humo kutwa, na mwanafunzi ameegemezwa kwenye spika. Usikivu unaoharibika kwa kelele haurudi. Na katika Surat al-Isra, aya ya 36, tumeambiwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Hapa baadhi yetu hujitoa: “Mimi naweka Qur'an.” Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa itikafu msikitini, akawasikia watu wanasoma Qur'an kwa sauti za juu. Alifunua pazia, akawaambia kuwa kila mmoja wao anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala mmoja asimpandishie mwenzake sauti katika kisomo. Hao ni Maswahaba, kisomo ni chao wenyewe, mahali ni msikitini. Sembuse spika ya bajaji nje ya wodi?

Tena Surat al-Aaraf, aya ya 204, inaamrisha Qur'an inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Dereva anayeifungulia huku anabishana na trafiki kuhusu faini ameigeuza pambo la gari. Na abiria aliyelipa nauli, awe Muislamu au la, amelipia kiti. Sisi wenyewe ni wepesi kulalamika mkutano wa mahubiri unapofungwa spika karibu na nyumba zetu, na malalamiko hayo ni ya haki. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, hazikumbagua mwenye kelele kwa dini yake.

Kipimo tunacho. Katika Sahihi Muslim, Miqdad (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia usiku hutoa salamu kwa sauti ambayo aliye macho huisikia na aliyelala haimwamshi. Mwenye redio mpya na akipime. Weka sauti kama unavyoiweka kila siku, funga milango ya gari, kisha nenda ukasimame chini ya dirisha la jirani yako. Fanya hivyo saa nne usiku, si mchana.