Chura wa Kihansi na Taa za Kariakoo



Swali ninaloomba tulifikirie safari hii ni hili: je, binadamu ana haki ya kuifuta kabisa duniani aina moja ya kiumbe, ili watu wapate maendeleo wanayoyahitaji kweli? Maneno "wanayoyahitaji kweli" nimeyaweka kwa makusudi. Kama ningeuliza juu ya mtu anayeua tembo ili auze pembe, sote tungejibu mara moja na gazeti letu lisingepoteza karatasi. Ugumu huja pale ambapo haja yenyewe ni ya haki.

Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbugani, hayatuhusu sisi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, ambao wanyama wetu wa porini ni kunguru na panya. Hebu basi nieleze kisa kimoja, halafu kila mtu aamue kama kinamhusu.

Katika miaka ya 1990 nchi yetu ilipatwa na ukame, bwawa la Mtera likapungua maji, na mgawo wa umeme ukatuingia majumbani. Waliokuwapo wanakumbuka. Samaki waliozea katika majokofu, mafundi cherehani walikaa vibarazani mikono mitupu, na mtoto wa shule alisoma kwa kibatari. Dawa ya taabu hiyo, au sehemu yake, ilitafutwa kwenye mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, mahali mto unapoanguka kutoka nyanda za juu kuelekea bonde la Kilombero. Ulijengwa ukuta wa kuzuia maji, maji yakapitishwa ndani ya mwamba mpaka kwenye mitambo mitatu yenye nguvu ya megawati 180. Mwaka 2000 mitambo hiyo ilikuwa inafanya kazi, na umeme wake ukaingia katika gridi ya taifa, ile ile inayowasha taa za Mtaa wa Kongo.

Sasa, mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, wataalamu waliotumwa kuchunguza viumbe wa korongo lile walimkuta chura mdogo wa manjano ambaye hajapata kuandikwa katika kitabu chochote. Akikua hafiki sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio vyura kamili. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko tu, kwenye majani yanayoloweshwa usiku na mchana na ukungu wa maji, mahali penye ukubwa wa hekta kama mbili. Hakupatikana penginepo duniani. Na manyunyu yale yalitokana na maji yale yale yaliyokuwa yanakwenda kupelekwa kwenye mitambo.

Mitambo ilipowashwa, karibu sehemu tisa katika kumi za maji ziliondoka katika maporomoko, na makao ya chura yakaanza kukauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura kama 500 walikamatwa, wakasafirishwa kwa ndege hadi Marekani, wakalelewe katika bustani za wanyama. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, ili kuiga kazi ya maporomoko. Kwa muda ilielekea kufaulu, maana katikati ya mwaka 2003 walihesabiwa karibu vyura 20,000. Halafu, katika miezi michache, wakaanguka wote. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi, ambao umeua vyura katika nchi nyingi, ulikutwa kati yao. Wataalamu hawajakubaliana kama ulikuwa ndio sababu pekee. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Wale wa Marekani nao walikuwa wamebaki kama 70 tu wakati mmoja, lakini wakazaana tena. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 wengine wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni kwao.

Watu wengi wa mji huu waliposikia habari hiyo walicheka. Chura amepanda ndege, amelala hotelini Marekani, na mimi nimeshindwa kupata nauli ya Kimara! Kicheko hicho sikidharau. Ndani yake mna hoja: fedha hupatikanaje kwa chura, zikosekane kwa zahanati? Mzee mmoja aliniambia baada ya ibada, "Mwalimu, chura hasali."

Wanaomtetea chura mara nyingi hujibu hoja hiyo kwa kusema, pengine ngozi yake ina dawa, pengine atatufaa baadaye. Mimi jibu hilo silipendi. Anayelitoa amekwisha kukubali kwamba kiumbe asiyemfaa binadamu hana haki ya kuishi. Anaomba tu hukumu iahirishwe. Siku tutakapohakikisha kwamba chura hana dawa yoyote, je, tumwache afe? Kipimo hicho cha faida ni kibaya hata kwa watu. Wazee, wagonjwa wa akili na watoto waliozaliwa na ulemavu wanajua mahali kinapofikia.

Sisi wa sokoni tuna njia nyingine ya kulielewa jambo hili. Soma Mathayo 10 uone bei ya shomoro: wawili kwa sarafu moja. Kisha soma Luka 12: watano kwa sarafu mbili. Piga hesabu. Sarafu mbili zilikuwa zinunue wanne. Yule wa tano katoka wapi? Kila mama anayenunua nyanya Kariakoo anajua katoka wapi: ni nyongeza. Huyo ndiye shomoro asiye na bei hata kidogo, aliyetupwa juu ya fungu ili mteja aridhike. Na hapo Bwana wetu asema kwamba hata mmoja wa hao hasahauliwi mbele za Mungu. Thamani yake basi haikutoka kwetu, wala sokoni. Chura wa Kihansi ni nyongeza ya namna hiyo. (Hata Kanisa letu la Anglikana lilipoorodhesha alama za utume wake mwaka 1984 liliandika nne tu, ya tano, ya kuutunza uumbaji, iliongezwa mwaka 1990. Nayo ikaja kama nyongeza.)

Lakini tusije tukaenda upande wa pili, tukasema binadamu asiguse kitu. Shomoro wale walikuwa wameuzwa ili waliwe, na Yesu hakupindua meza ya muuzaji kwa ajili yao. Sheria inayonisaidia zaidi ni ile ndogo ya Kumbukumbu la Torati 22, ambayo wengi huipita. Ukikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, unaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama umwache aende zake. Mwenye njaa hakukatazwa kula. Amekatazwa kumaliza. Na ahadi iliyoambatanishwa na amri hiyo ndogo, ya heri na siku nyingi, inafanana na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Kwa nini jambo dogo hivyo lipewe ahadi kubwa hivyo? Nadhani ni kwa sababu anayemchukua mama pamoja na makinda anawanyima wote watakaopita njia ile baada yake, naye hatawaona wala hawatamshitaki.

Kwa kipimo hicho, mji wa Dar es Salaam ulikuwa na haki ya kuyatumia maji ya Kihansi. Nasema hivyo bila kusita, maana mwanamke anayejifungua gizani naye ni kiumbe wa Mungu. Haki ambayo mji haukuwa nayo ni ya maji yote. Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, nalo ni kosa la utaratibu kabla ya kuwa la nia. Swali "nani anaishi hapa?" liliulizwa wakati fedha zimekwisha kukopwa na mwamba umekwisha kuanza kutobolewa. Swali likiulizwa saa hiyo, jibu lolote huwa hasara kwa mtu. Kama lingeulizwa mapema, yangepimwa maji ya kubakizwa mtoni, mtambo ungechorwa kwa kadiri ya maji yaliyosalia, na sisi watumiaji tungelipa kidogo zaidi. Mabomba ya kunyunyizia yaliyofungwa baadaye ni malipo ya deni, na mwenye deni halalamiki kwamba kulilipa ni ghali.

Neno "sisi watumiaji" nalisisitiza. Huko nyuma hifadhi imewahi kulipiwa na mtu asiyehusika na faida. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa na mifugo yao katika bonde la Usangu, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kuokoa maji ya Ruaha yanayojaza Mtera. Sisemi kwamba ng'ombe hawakuwa wengi mno. Nasema kwamba umeme ulikuja mjini na hasara ikabaki Usangu, na shamba la Nabothi linanijia akilini ninapolitafakari hilo. Mtu akisema "tuhifadhi", ni halali kumwuliza, "Kwa gharama ya nani?" Akisema "tuendelee", aulizwe swali hilo hilo. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, la megawati 2,115, ni kubwa kuliko Kihansi zaidi ya mara kumi, na walio chini yake mpaka delta, watu na samaki na mikoko, wanastahili kuulizwa habari kila mwaka, si siku ya ufunguzi tu.

Nisiishie mbali, nisije nikaonekana nahubiria wengine. Kutoka hapa mpaka misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni mwendo wa basi. Misitu hiyo ya pwani ina mimea na viumbe wasiopatikana pengi duniani, na vilima vyake ndivyo vinavyoanzisha mto Msimbazi, huu unaofurika Jangwani. Imekatwa sana kwa ajili ya mkaa, na mlaji wa mkaa ni mji huu. Umeme wa Kihansi haukuzima majiko yetu. Kwa nyumba nyingi umeme ni taa na pasi, chungu bado kinakaa juu ya mkaa.

Halmashauri ya parishi imeombwa ifikirie kununua majiko mawili ya gesi kwa ajili ya jiko la kanisa, ili magunia ya mkaa ya sikukuu ya Mavuno yakome. Mimi naunga mkono. Lakini mkaa huo tunaununua kwa mama mmoja wa ushirika wetu, mjane, anayesomesha wajukuu watatu kwa kuuza mkaa wa kopo, na katika mwaka mzima hana mteja mkubwa kuliko kanisa. Tukinunua gesi, msitu umepumzika kwa magunia kadhaa, naye amepoteza ada ya shule. Nimependekeza kwamba hesabu ya majiko iandikwe pamoja na mtaji wa kumwanzishia biashara nyingine, katika karatasi moja, na zipitishwe zote mbili au isipitishwe hata moja. Mweka hazina anasema fedha hazitoshi zote mbili mwaka huu. Shauri hilo litajadiliwa katika mkutano ujao, na kila mshiriki anakaribishwa.