Redio Haiulizi Tumelalaje



Sisi tuliozaliwa karibu na Uhuru tunaikumbuka vema redio ya mzee wetu hapa Kisaki. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na betri zake zilipochoka tulizianika juani. Jioni majirani walikuja na vigoda vyao, na katika masafa mafupi, katikati ya mikwaruzo, tulimsikia mtu akihubiri kwa Kiswahili. Ilikuwa Sauti ya Injili.

Tulidhani mhubiri yule yuko karibu. Kumbe vipindi vilitengenezwa Moshi, kanda zikapelekwa Addis Ababa, Ethiopia, na huko ndiko ulikokuwa mtambo wa Shirikisho la Walutheri Duniani, ulioanza kutangaza Februari 1963. Neno lilitoka Moshi, likapanda hadi Ethiopia, likarudi kwetu kupitia angani! Nasi Waanglikana tulisikiliza kwa furaha, bila kuuliza dhehebu.

Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliutwaa mtambo ule, ukawa sauti ya mapinduzi yake. Mzee alizungusha kitufe huku na huku, asimpate mhubiri. Akadhani betri zimekwisha, akatutuma dukani.

Majirani walikuja siku kadhaa zaidi, tukasoma Biblia kwa taa ya kibatari. Kisha wakapungua mmoja mmoja. Hatukuwafuata. Tulikuwa tumezoea kwamba kazi ya kuwakusanya watu ni ya redio.

Ni ajabu, maana tulikwisha kuona njia bora. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walisikiliza redio kwa vikundi. Kiongozi alikuwa na kitabu, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilisema, lakini jirani ndiye aliyeshika jembe.

Tusome Matendo ya Mitume sura ya 8. Yule towashi wa Kushi alikuwa na maneno ya nabii Isaya mkononi, tena akiyasoma kwa sauti garini. Neno alikuwa nalo. Hata hivyo Roho alimtuma Filipo akimbilie gari lile, na Filipo akapanda, akaketi karibu naye. Sisi walimu tunalijua jambo hili: mtoto aweza kukariri ubao mzima asielewe kitu, mpaka uinamie dawati lake.

Tangu miaka ya 1990, redio za binafsi zilipoanza nchini, mahubiri yamekuwa mengi, na siku hizi redio imo hata ndani ya simu. Tumshukuru Mungu. Lakini hivi karibuni, tulipohesabu wagonjwa wa kutembelewa, tulimruka mzee mmoja wa kanisa letu asiyeweza kutembea. Tulisema, “Huyo ana redio, anapata ibada kila siku.” Sisi tunaoandika haya tulikuwa wa kwanza kukubali.

Baada ya miezi mitatu tulipita kwake, tena kwa shughuli nyingine. Redio ilikuwa ikihubiri kando ya kitanda. Akaipunguza sauti, akasema, “Mwalimu, hii inaniambia mengi mema. Ila haijaniuliza hata siku moja nimelalaje.”

Tulikosa jibu. Tuliketi naye mpaka jua likazama.

Orodha ya kutembelea wagonjwa iko kwa katibu wa kanisa. Mzee huyo sasa ameandikwa siku ya Jumatano, kumpelekea Meza ya Bwana. Anahitajika mtu mmoja wa kufuatana na kasisi.