Kwani Mwanya ni Ugonjwa?

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika makala sita kuhusu meno. Mteja alikuwa kampuni changa ya ng'ambo inayouza vile vifuniko vya plastiki, vyeupe kama kioo, unavaa juu ya meno ili yajipange mstari. Malipo yalikuwa mazuri kuliko niliyozoea. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Naishi Shanzu, chumba kimoja si mbali na chuo cha ualimu, kwa hivyo kila asubuhi nawaona wenzangu wakienda darasani, na mwenye nyumba haulizi kama una digrii. Nikakubali.

Maelekezo yalikuwa kurasa mbili. Kabla ya kutaja bidhaa, msomaji kwanza ayaone meno yake. Yaani anza na kioo. Anza na picha za harusi. Muulize kama yeye hucheka akiziba mdomo. Kisha ikafuata orodha ya kasoro, na ya tatu ilikuwa nafasi kati ya meno mawili ya mbele.

Mwanya, bana! Nilicheka peke yangu. Nyanya yangu ana mwanya, na huku Pwani huo ni uzuri, mtu husifiwa nao. Nilicheka, halafu nikaandika. Maneno mia nane kuhusu "tatizo" hilo. Pesa zikaingia, nikalipa kodi na deni la Fuliza.

Baada ya wiki kadhaa mpwa wangu, msichana wa miaka 14, akanijia na simu mkononi. Mwanya wa nyanya uliniruka mimi ukamfikia yeye. Alikuwa ametafuta mambo ya meno mtandaoni akaangukia makala yangu, ambayo haina jina la mwandishi.

"Mjomba, kwani mwanya ni ugonjwa?"

Tangu siku hiyo najiuliza nilikosea wapi hasa. Uongo sikusema. Hata bidhaa yenyewe si utapeli. Kila kifuniko husogeza jino kama robo ya milimita hivi. Unavaa saa 20 hadi 22 kwa siku, unabadilisha kila wiki moja au mbili, na taratibu mfupa huliwa upande mmoja wa jino ukajengwa upande wa pili. Wako watu ambao meno yao hayakutani wakitafuna, na kwao hii ni tiba.

Wala aibu haikuletwa na matangazo. Mtoto wa Nakuru aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi, akaota meno ya kahawia, hakungoja kampuni imwambie. Wenzake shuleni walimwambia zamani.

Na tusijidanganye kwamba mababu waliacha meno yalivyo. Waluo waling'oa meno sita ya chini. Wamaasai nao hung'oa mawili. Kijana aliyekataa hakuachwa kwa amani, alichekwa. Aibu ilitumika pale pia, tena mchana kweupe.

Lakini kuna kitu kimoja tofauti. Aliyekung'oa meno alibaki kijijini. Kidonda kikioza, unajua mlango wake. Waliokucheka ndio waliokupokea ulipotoka. Aibu ile ilikuwa na mwenyewe.

Sasa chukua SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014 na makao yake yakawa Nashville. Wazo lao lilikuwa kumwepusha mteja na kliniki: unatumiwa boksi, unachukua umbo la meno yako mwenyewe nyumbani, vifuniko vinakuja kwa posta, kwa bei ya chini sana kuliko waya za daktari. Septemba 2019 wakaingia soko la hisa, hisa moja dola 23. Septemba 2023 wakaenda mahakamani kutangaza wamefilisika, na Desemba wakafunga kabisa. Watu waliokuwa katikati ya matibabu, meno yameshasogea nusu njia, waliambiwa matibabu yamekwisha. Ile dhamana ya maisha waliyoahidiwa, haipo tena. Ila wanaolipa kwa awamu, tafadhali waendelee kulipa.

Niliposoma hiyo sikucheka. Kitu kimoja tu ndicho kampuni ile ilikuwa imekifikisha chote kwa kila mteja: kujua kwamba meno yake yana kasoro. Kampuni hufilisika, aibu iliyoipanda haifilisiki.

Mama yako akikwambia shati umelivaa kinyume, anangoja uligeuze. Daktari wa meno anayekwambia taya lako lina shida amelishika kwa mkono wake, na wiki ijayo utamkuta palepale. Wote hao wana haki ya kukuonyesha kasoro kwa sababu wamebaki nawe. Ndiyo kanuni niliyofikia, na najua ni ndogo: ukimwonyesha mtu kasoro yake, baki naye. Kama huna mpango wa kubaki, nyamaza.

Mimi niliandika nikiwa Shanzu, kwa pesa za mtu nisiyemjua, ili msomaji nisiyemwona ajichukie kidogo kabla ya kufungua pochi. Nilidhani umbali huo unanitoa hatiani. Kumbe ndio ulionipa ujasiri wa kuandika. Mpwa wangu angekaa mbele yangu siku ile, ningeandika neno "tatizo"?

Nilimwambia ukweli, kwamba ile makala ni mimi niliyeiandika. Akanyamaza, akaniuliza nililipwa ngapi. Nikamtajia. Akapiga hesabu ya haraka.

"Hizo hata haziwezi kuninunulia hivyo vifuniko."

Makala ya nne, ya tano na ya sita sikuandika. Nilimwambia mteja atafute mtu mwingine, na bila shaka alimpata siku hiyohiyo. Waandishi wenye deni la kodi ni wengi. Zile tatu bado zipo mtandaoni, siwezi kuzifuta.

Tukikutana kwa nyanya siku ya Jumapili, nyanya hucheka mdomo wazi, mwanya wote nje. Mpwa wangu siku hizi huinua mkono kidogo, kisha hukumbuka nipo, akaushusha. Kampuni haitauona mkono huo. Mimi nauona.