Hasira Zilimpanda, Akampiga

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema, "Hasira hasara" ni mojawapo. Ina maneno mawili tu, yanayotofautiana kwa irabu moja, na kwa hiyo huingia kichwani upesi. Huenda wepesi huo ndio unaotufanya tuipite haraka. Mwanafunzi huieleza katika mtihani, hupata alama zake, kisha akitoka nje na kukanyagwa mguu hukunja ngumi. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja: je, mtu aliyetenda kwa hasira, juu ya kosa dogo alilofanyiwa, anaweza kusema kwamba si yeye aliyetenda?

Tuanze na lugha yenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Waswahili husema "hasira zimempanda" au "hasira zimemzidi". Katika sentensi hizo hasira ndizo mtenda, na binadamu ni mtendwa. Hapana ubaya katika usemi huo. Hasira huja bila kuitwa, kama njaa na usingizi, wala hakuna anayestahili lawama kwa kupandwa tu. Lakini tuifuate habari hadi mwisho wake: "Hasira zilimpanda, akampiga." Hapo mtenda amebadilika. Kiambishi a- katika "akampiga" si cha hasira, ni cha mtu. Lau hasira ndizo zilizopiga, tungesema "zikampiga", na hatujamsikia msema Kiswahili asemaye hivyo. Lugha imekwisha kutoa hukumu kabla ya mwanafalsafa kufungua kinywa. Kati ya zi- na a- pana nafasi ndogo, pengine ya pumzi moja tu, na wajibu wa mtu umo katika nafasi hiyo.

Hapa kwetu Rusizi, wilaya iliyoundwa mwaka 2006 baada ya mkoa wa Cyangugu kuvunjwa, nafasi hiyo inahitajiwa kila siku. Ng'ambo ya mto ni Bukavu. Katika soko la Kamembe na kwenye daraja la mpakani hukutana Kinyarwanda, Kimashi, Kifaransa na Kiswahili cha namna nyingi. Aliyezoea Kiswahili cha pwani hutazamia kusikia "naomba". Mwenzake husema "nipe" wala hana nia mbaya. Tena Kinyarwanda hakitenganishi l na r kama Kiswahili kifanyavyo. Kwa hiyo mwanafunzi huomba kalamu, wenzake wakasikia ameomba karamu. Darasa hucheka, naye huona amedharauliwa. Dharau nyingi ni za namna hii: nusu imesemwa na mtu, na nusu imeongezwa na sikio. Swali "Una maana gani?" halina gharama yoyote, lakini ni wachache wanaolikumbuka wakati damu inapochemka.

Wapo watakaojitetea kwa kusema, "Lakini nilimpiga kofi moja tu." Ni kweli kwamba kofi lilikuwa moja. Hata hivyo, mwenye mkono huchagua kupiga. Hachagui kofi lake litatumiwa na nani. Historia ina mifano ya jambo hili. Mwaka 1827, mjini Algiers, mtawala Hussein Dey alizozana na balozi mdogo wa Ufaransa, Pierre Deval, juu ya deni la ngano iliyouzwa Ufaransa miaka mingi nyuma. Alipoona anajibiwa kwa jeuri, alimpiga balozi huyo kwa usinga wa kufukuzia nzi. Ufaransa ikaifungia bandari kwa manowari zake. Mwaka 1830 majeshi yake yakatua na kuuteka mji. Algeria haikupata uhuru hadi mwaka 1962, baada ya miaka 132. Hatusemi kwamba usinga ndio ulioleta ukoloni, kwani wenye tamaa ya nchi wasingekosa sababu nyingine. Tunasema tu kwamba mtu aliyekuwa na dai la kusikilizwa aliwapa wapinzani wake kisingizio bure.

Nasi Rwanda tunao mfano wetu, na ni mchungu zaidi. Tarehe 1 Novemba 1959, huko Byimana, chifu mdogo Dominique Mbonyumutwa alishambuliwa na vijana wa chama cha siasa kilichopingana na chake. Ukavumishwa uvumi kwamba amekufa, ilhali yu hai. Aliishi hadi mwaka 1986. Kabla ya mtu kuuliza "Je, ni kweli?", nyumba zilikuwa zikichomwa moto, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia nchi za jirani. Hapa pia tuwe waangalifu. Tukio hilo peke yake halikuweza kuzaa maafa hayo. Mgawanyiko ulikuwa umepandwa kwa miaka mingi chini ya utawala wa kikoloni, na wapo waliokuwa wakingoja sababu. Lakini hilo ndilo fundisho. Mwenye hasira hajui ni nyasi kavu kiasi gani zimemzunguka, wala ni nani amesimama karibu akingoja cheche.

Hata hivyo, wapo wanaosema kwamba anayemeza kila dharau huwafundisha watu kumdharau, na kwamba mtu asiye na hasira hana heshima. Hoja hii si ya kutupwa. Ziko dharau zisizo ndogo hata kidogo, hasa zile ambazo mwenye nguvu humfanyia mnyonge kila siku, na hasira ya mnyonge huyo inasema kweli. Hatutaki kumfundisha mtoto kwamba yeye si kitu. Lakini hasira yaweza kuwa shahidi wa kweli bila kupewa kiti cha hakimu. Anayejizuia kupiga hakulazimika kunyamaza. Aweza kudai haki yake.

Nchi yetu ina njia ya kudai ya namna hiyo. Abunzi, yaani wapatanishi, waliotajwa katika Katiba ya mwaka 2003, ni raia waadilifu wanaochaguliwa kusikiliza migogoro ya majirani, kama vile ya mipaka ya mashamba na ya madeni. Kila upande husema kwa zamu, na mwingine hulazimika kusikiliza. Tukitazama vema tutaona kwamba baraza hilo huipanua ile nafasi iliyo kati ya zi- na a-: pumzi moja huwa siku kadhaa. Katika siku hizo dharau iliyokuwa ndogo huonekana udogo wake, na iliyokuwa kubwa hupata mashahidi.

Basi, walimu wenzetu, tufanye nini darasani? Kumwambia mwanafunzi "usikasirike" ni kumwamuru asichokiweza. Afadhali tumpe zoezi. Tuandike ubaoni, "Hasira zilinipanda, nika...", kisha tumwachie amalizie. Nikauliza. Nikaondoka. Nikamwendea kesho yake. Nikampeleka kwa wazee. Nikampiga. Sentensi zote ni sahihi kwa sarufi, na katika kila moja mtenda ni mimi. Mwanafunzi akiona hivyo amekwisha kujua kwamba njia si moja, na kwamba jina litakaloandikwa mwisho wa habari ni lake.

Na siku ambayo mwanafunzi atamcheka mwalimu, au atamjibu kwa sauti isiyopendeza, darasa zima litanyamaza likiangalia mkono wa mwalimu. Wakati huo hakuna atakayekuwa akisoma ubao. Mwalimu akiuliza kwa utulivu, "Una maana gani?", atakuwa amefundisha methali ile kuliko alivyopata kuifundisha kwa chaki.